Hesabu Itoke, Jina Libaki

Maneno ya mwanachama mwenzetu, muuguzi kwa kazi, kwenye mkutano mkuu wa umoja, Bukavu, mwezi wa 11 mwaka 2024. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Nimepewa dakika 20 juu ya pointi ya 4 ya leo, yaani kitabu chetu cha wagonjwa. Wote munakijua. Tangu tuanze kuchanga, mtu akilazwa, mama akizaa, mtoto akipimwa akakutwa na malaria, katibu anaandika: jina, avenyu, namba ya simu, ugonjwa, na pesa zilizotoka. Sasa tuko kwenye kitabu cha tatu. Mwezi uliopita wageni wa shirika fulani walikuja kuomba nakala ya vitabu vyote vitatu. Wanasema wanataka kuelewa afya ya watu waliorudi kutoka ukimbizini, ili watafute msaada. Walituachia fishi yao: jina, miaka, avenyu, kambi mtu alikotoka, ugonjwa. Chini kuna nafasi ya kuweka kidole.

Kamati haijajibu. Inangoja mkutano huu.

Nimesikia maneno mawili katikati yetu. Wamoja wanasema: «Bapatie tu yote, pengine tutasaidiwa.» Wengine wanasema: «Kichomwe hicho kitabu. Banatuandikaka tu, na hatuonake kitu.» Kila upande una haki yake. Lakini tukifuata mmoja peke yake, tutaumia. Mimi naleta njia ya tatu: hesabu itoke, jina libaki. Munisikilize kwanza, kisha mutanipinga.

Woga wetu si ujinga

Tuanze na wale wanaotaka kuchoma kitabu. Watu hao si wajinga. Sisi ni watu walioandikwa sana. Wale waliokuwa Nyarugusu au Lugufu wanajua maana ya kupanga foleni ili uhesabiwe, na wanajua mtu ambaye jina lake halikuonekana siku ya kugawa chakula alikula nini. Wale waliopanda meli Kigoma kushuka Baraka waliandikwa upande ule, wakaandikwa tena upande huu. Wale waliopitia Burundi, vilevile. Na wazee wetu wanakumbuka kwamba katika nchi hii, wakati wa vita, karatasi yenye majina na mahali mtu alikotoka inaweza kuwa kifo. Mtu aliyepita pale hawezi kuweka kidole chini ya fishi bila kuuliza.

Hata mashirika yenye nia nzuri na ufundi mkubwa yanaweza kuibiwa. Mwezi wa 1 mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta waliingia mahali inapohifadhi habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu gani? Ni wale waliopotezana na familia zao kwa sababu ya vita, uhamiaji na majanga, watu wanaotafutwa, watu walio kizuizini. Yaani watu kama sisi. Msalaba Mwekundu walisema wazi, hawakuficha, na hilo ni jambo la kuwashukuru. Lakini somo linabaki: jina likishaondoka mkononi mwako, huwezi tena kulilinda.

Basi woga una msingi. Sasa tuangalie hasara ya kujificha.

Asiyehesabiwa hapangiwi dawa

Nchi yetu ilihesabu watu wake wote kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Vijana wengi walio hapa hawakuwa wamezaliwa. Tangu hapo, Wizara na zoni za afya zinakadiria. Zinachukua hesabu ya zamani, zinaongeza kidogo kila mwaka, na reko wanapita nyumba kwa nyumba kusahihisha. Kwa hesabu hiyo ndiyo wanapanga chanjo, vyandarua, dawa za wamama wajawazito. Kwa mfano, zoni inahesabu kwamba kwa kila watu 100 kutakuwa na mimba 4 kwa mwaka.

Sasa muweke sisi ndani ya hesabu hiyo. Tuseme familia 300 zimerudi na kukaa katika eneo moja la kituo cha afya, familia moja watu 6. Hao ni watu 1,800. Ni mimba 72 kwa mwaka. Kama reko alipita, na kila nyumba ikamwambia «hapa tuko watatu tu, wengine ni wageni», basi hizo mimba 72 hazipo kwenye karatasi. Mama akifika kituoni, ataambiwa vifaa vimeisha. Atasema muuguzi ni mbaya. Kumbe muuguzi alipewa vifaa vya watu waliohesabiwa.

Wazee walisema mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi naongeza: mtaa ukificha watu wake, upungufu wa dawa utaufichua.

Lakini muangalie vizuri. Ili zoni ijue kwamba kuna mimba 72, haihitaji jina la mama hata mmoja. Inahitaji namba 72. Hapo ndipo njia ya tatu inapoanzia.

Vitabu viwili vya Uvira

Niwape mfano wa hapa kwetu, katika jimbo letu la Kivu Kusini. Uvira inaijua kolera miaka na miaka. Kituo cha kutibu kolera kilikuwa na kitabu chake: mgonjwa ameingia siku gani, ana miaka mingapi, anatoka mtaa gani. REGIDESO nayo ilikuwa na kitabu chake: leo tumetoa maji kiasi gani. Kila mmoja aliandika kwa kazi yake tu. Hakuna aliyefikiri kwamba vitabu hivyo ni ndugu.

Watafiti wa chuo kimoja cha afya cha London, pamoja na watu wa Uvira wenyewe, waliviweka vitabu hivyo viwili kando kwa kando. Walichukua siku zote kuanzia mwaka 2009 mpaka mwanzo wa 2014. Wagonjwa walioandikwa walikuwa zaidi ya 5,700. Wakaona nini? Siku ambayo maji ya robine hayakutoka kabisa, ndani ya siku 12 zilizofuata wagonjwa wa kolera walipanda mpaka mara mbili na nusu ya kawaida. Na kwa miaka yote ile, karibu mgonjwa 1 kwa kila 4 aliugua kwa sababu maji hayakutoka vya kutosha.

Wamama wa Uvira walikuwa wanajua hayo. Maji yakikatika wanaenda kuchota ziwani au mtoni, na mtoto anaanza kuhara. Lakini mama akisema, wakubwa wanajibu: «hayo ni maneno ya sokoni». Hesabu ikitoka, hakuna wa kusema ni maneno ya sokoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma bila kulipa. Na kazi ya kutengeneza maji ya Uvira, yenye pesa za Ufaransa na Ulaya, ilipata ushahidi wa kuonyesha kwa nini bomba ni dawa.

Sasa niwaulize: ili ukweli huo utoke, ni mgonjwa gani wa Uvira aliyetangazwa jina lake? Hakuna hata mmoja. Tarehe, umri na mtaa vilitosha. Hiyo ndiyo maana ya kutumia habari za afya kwa faida ya wote: habari ya mtu mmoja inabaki yake, lakini fundisho linakuwa la watu wote.

Kamituga: wazi, lakini kwa uangalifu

Mfano wa pili ni wa juzi, na una pande mbili.

Mwezi wa 9 mwaka 2023, kule Kamituga, mji wa dhahabu katika teritware ya Mwenga, waganga walianza kuona wagonjwa wa Mpox ambao hawakufanana na wale wa zamani. Sampuli zilisafirishwa mpaka maabara ya INRB. Kutokea mwezi huo mpaka mwezi wa 1 mwaka 2024, hospitali ya Kamituga ililaza watu 241 walioshukiwa, na 108 wakathibitishwa na maabara. Waganga na wataalamu wa Kongo pamoja na wenzao hawakungoja miaka. Waliutoa ukweli wazi mapema mwaka huu: hii ni aina mpya ya virusi, ikapewa jina Ib, na inaambukizwa mtu kwa mtu. Walionyesha pia kwamba kipimo kimoja kilichokuwa kinatumika mahali pengi kingeweza kuikosa aina hiyo, kwa sababu kipande ambacho kipimo kinakitafuta hakipo tena ndani yake.

Hiyo ilikuwa na faida gani? Mwezi wa 7 ugonjwa ulipovuka kwenda Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, maabara za kule zilijua zinatafuta nini. Tarehe 14 mwezi wa 8, Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya dunia nzima. Tarehe 5 mwezi wa 10, chanjo ikaanza Goma. Kama hesabu ya Kamituga ingefungiwa ndani ya kabati, yote hayo yangechelewa zaidi.

Sasa upande wa pili. Ndani ya hesabu ileile kulikuwa na namba moja: kati ya wale waliothibitishwa, asilimia 29 walikuwa watu wanaouza mwili. Namba hiyo ilikuwa na kazi yake: iliwaonyesha waganga ugonjwa unapita njia gani, na nani afikiwe kwanza na chanjo. Lakini ikishuka barabarani inageuka kidole. Mama yeyote anayetoka Kamituga na mzigo wake wa biashara anaweza kutazamwa ndani ya gari kama vile ugonjwa ni wake. Na hakuna anayekumbuka kwamba wengine, 71 kwa kila 100, hawakuwa wa kazi hiyo. Wala hawakumbuki kwamba hapa karibu, zoni ya Miti-Murhesa, wagonjwa wengi waliofikishwa hospitali ya Kavumu walikuwa watoto wadogo.

Kwa hiyo kutoa jina si hatari ya pekee. Hata hesabu isiyo na jina inaweza kumwonyesha mtu, kama kikundi ni kidogo. Tukiandika «wanachama wawili wa avenyu fulani, waliotoka kambi fulani, wana SIDA», hatukutaja jina, lakini majirani wote watajua. Mbele ya kutoa hesabu, lazima tujiulize: mtu wa mtaa akisoma hii, atamtambua nani? Kama hesabu ni ndogo sana, tuichanganye na ya mitaa mingine, au tuiache.

Wakati jina linahitajika

Kuna mtu ataniuliza: je, jina halitolewi kamwe? Hapana, ndugu, sisemi hivyo.

Munakumbuka Ebola. Ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, na mwaka mmoja baadaye ikafika kwetu, Mwenga. Ilipotangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na wafu 2,287. Ugonjwa kama ule hauwezi kuzimwa kwa hesabu peke yake. Muuguzi lazima ajue mgonjwa alimshika nani, alilala na nani, nani aliosha maiti. Na hao wote wafuatwe siku 21. Pale jina ni dawa. Aliyeficha jina la mwenzake hakumlinda, alimzika.

Lakini muone jina lilienda wapi. Lilikwenda kwa timu ya afya iliyokuja mlangoni na chanjo na kipima joto. Rapoti ya kila siku iliyosomwa na dunia nzima ilikuwa na zoni ya afya na namba tu. Hiyo ndiyo kanuni: jina linamfuata mgonjwa mpaka kwa anayemtibu. Hesabu ndiyo inayotembea.

Sheria iko upande wetu

Wengi wanafikiri ni huruma tu. Hapana, ni sheria. Sheria ya tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya SIDA, pamoja na siri ya hali yao. Sheria ya afya ya tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2018 inatambua haki za mgonjwa, na siri ya tiba ni mojawapo. Na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 nchi yetu ina Kodi ya Numeriki, inayolinda habari za mtu zinazowekwa kwenye mashine, na habari za afya zinawekewa ulinzi wa pekee. Nakubali, kati ya sheria iliyo kwenye karatasi na mlango wa nyumba yako kuna safari ndefu. Lakini mtu akikuambia «muko munatusumbua na maswali, ni fishi tu», unaweza kumjibu bila kutetemeka.

Maswali ya kumuuliza mwenye fishi

Yeyote atakayekuja na fishi au simu ya kuandikia, iwe shirika, iwe serikali, iwe mwanafunzi wa chuo, tumuulize hivi.

Swali la kwanza: unataka kujua nini, na utafanya nini ukishajua? Akishindwa kujibu kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ina maana yeye mwenyewe hajajua.

La pili: juu ya nini unahitaji jina? Kama hesabu inatosha, chukua hesabu.

La tatu: itahifadhiwa wapi, nani ataifungua, na itafutwa lini?

La nne: nikikataa, nitakosa nini? Kama dawa ya mtoto inategemea kidole chini ya fishi, huo si ukubali, ni kulazimishwa.

La tano, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: utarudi lini kutuambia ulichokiona? Maana kuna deni hapo. Mimi nimekaa mlangoni mwangu na watu waliotuuliza saa nzima: mnakunywa maji gani, watoto wangapi wamekufa, mama alizalia wapi. Mama mmoja alilia akijibu. Walifunga daftari, wakaenda, na mpaka leo hatujapata hata karatasi moja. Uwazi si kuwaonyesha watu wa mbali peke yao. Aliyetoa habari ndiye wa kwanza kurudishiwa jibu.

Sasa, kitabu chetu

Ndugu zangu, maswali hayo tusiwaulize wageni peke yao. Tujiulize sisi wenyewe. Kitabu chetu cha tatu kinakaa wapi? Kinakaa nyumbani kwa katibu, juu ya kabati, na kila mtu anayekuja kuchanga anaweza kukifungua. Simlaumu katibu, anafanya kazi ya bure na umoja haujamnunulia hata sanduku. Lakini ndani yake kuna vijana wenye siri ya kifua kikuu, kuna wamama waliopoteza mimba, kuna wenye kumeza dawa kila siku. Walituambia ili tuwasaidie, hawakutuambia ili tusome.

Naomba mkutano ukubali mambo manne.

Moja: tuwe na vitabu viwili. Kitabu cha pesa kiandike jina na kiasi cha pesa tu, kwa sababu pesa ya wote lazima ionekane na wote. Kitabu cha ugonjwa kiandike namba badala ya jina, na ufunguo wa namba hizo uwe kwa watu wawili tutakaowachagua leo, mmoja wao mama.

Mbili: tununue sanduku la chuma na kufuli. Ni bei ndogo kuliko aibu ya mtu mmoja.

Tatu: kila mwezi tutoe hesabu bila majina: wangapi walipata malaria, wangapi walihara, wamama wangapi walizalia nyumbani, watoto wangapi hawajapata chanjo. Hesabu hiyo isomwe kwanza hapa, mbele yetu, kisha ipelekwe kwa muuguzi mkubwa wa kituo cha afya. Na reko akipita, tumwambie idadi ya kweli ya watu wa nyumba. Pia ibandikwe hapa ukutani. Wanaohara wakizidi mwezi ambao robine zilikauka, tutaenda kuona wakubwa wa maji tukiwa na karatasi mkononi, kama Uvira.

Nne: kwa wale wageni, tuwajibu kwa heshima. Tuwape hesabu ya miaka yote mitatu, bure, kwa furaha. Fishi ya majina tuwarudishie. Kama kweli walikuja kwa ajili ya afya yetu, hesabu itawatosha kuanza kazi. Kama wanahitaji kuzungumza na mgonjwa, tutamuuliza mgonjwa mwenyewe, peke yake, na yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Wala kamati, wala mume, wala mimi, hatuna ruhusa ya kusema ndiyo kwa niaba yake.

Najua kuna anayeogopa kwamba shirika litakasirika na msaada utaenda kwingine. Inawezekana. Lakini mtufikirie pia mwanachama ambaye kesho atakuwa na ugonjwa wa aibu, na atajiuliza: je, nikiwaambia umoja, maneno yangu yatafika wapi? Akiona kwamba tulilinda majina ya wenzake siku ambayo tungeweza kuyauza, atakuja mapema, atatibiwa mapema, na mchango wetu utamfikia akiwa hai.

Nimemaliza. Mama Prezida, naomba pointi ya 4 ipigiwe kura kabla watu hawajaanza kutafuta moto za kurudi nyumbani.